Mwanga Kwanza, Asidi Baadaye

Jirani yangu hapa Theta, kaunti ya Kiambu, mama anayefuga kuku, alinibishia hodi saa moja jioni akiwa na bodi iliyoungua, kaifunga kwenye leso kama dawa. Ilikuwa ya mashine yake ya kuangulia vifaranga. Mayai yalikuwa na siku tisa ndani. Anayefuga anajua hesabu ilivyo: siku 21, nyuzijoto 37.5, na yai halijui kungoja. Nilimwambia ayafunike kwa blanketi, ayazungushie chupa za maji ya moto, na abadilishe maji kila yanapopoa. Kesho yake jioni mashine iliwaka tena kwa bodi niliyoitengeneza mezani kwangu, kuanzia kipande cha shaba kitupu. Mayai kadhaa yaliharibika. Mengi yalianguliwa.

Tangu siku hiyo sikosi wageni: wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wenye projekti za mwaka wa mwisho, fundi wa redio kutoka Ruiru, kijana wa Witeithie anayetengeneza taa za pikipiki. Wote huanza na swali lilelile: asidi naipata wapi? Nami huwauliza: picha yako umeichapisha wapi? Maana katika bodi zilizoharibika ambazo nimeletewa, karibu zote zilikuwa zimeshaharibika kabla hazijaiona asidi. Kutengeneza bodi ya sakiti kwa njia ya picha ni kazi ya mwanga. Asidi hufuata tu kile ambacho mwanga umeandika, hata kama umeandika upuzi.

Niseme kwanza nani asijisumbue. Ukitaka bodi ishirini, zenye njia pande zote mbili na matundu yaliyotiwa shaba ndani, tuma faili zako Shenzhen usubiri mzigo. Wale watu wa China wanachapisha bodi kwa bei ambayo mimi siwezi kununulia hata shaba. Kinachouma ni usafiri na siku za kungoja. Jijini Nairobi kuna pia Gearbox, karakana ya pamoja ambako mtu anaweza kupata msaada wa vifaa na ushauri. Njia ya nyumbani ni ya yule anayetaka bodi moja, ya upande mmoja, leo. Au yule anayejua kwamba mchoro wake wa kwanza lazima una kosa, na angependa kuligundua kesho asubuhi badala ya mwezi ujao.

Kazi yenyewe kwa ufupi ni hii. Bodi ni ubao wa nyuzi za kioo wenye unene wa milimita 1.6, umefunikwa kwa shaba nyembamba ya mikroni 35. Unaigandisha juu ya shaba filamu inayohisi mwanga, unaweka juu yake picha ya sakiti, unaimulika, kisha unaiosha. Sehemu ya filamu hubaki na kuilinda shaba, nyingine huondoka, na shaba iliyobaki wazi huliwa. Chanzo chake ni uchapaji. Paul Eisler, mhandisi kutoka Vienna aliyekimbilia London mwaka 1936, alikuwa anaujua uchapaji, akajiuliza kwa nini nyaya za redio zisichapwe kama picha za gazeti. Hataza yake aliiomba mwaka 1943. Hata kule Nyeri, kwenye kampuni ya Semiconductor Technologies Limited iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, wazo la msingi ni hilohilo la mwanga, filamu na kula, ila wao wanashughulika na vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Filamu ziko za aina mbili. Kuna bodi zinazouzwa zikiwa zimeshapakwa. Hizo ni nzuri ila ni ghali, na husafishwa kwa kostiki soda, ambayo ukiizidisha kidogo tu huosha kila kitu na kukuachia shaba tupu. Mimi natumia filamu kavu, ile ya buluu inayokuja kama roli. Ni rahisi kwa bei, na inasafishwa kwa magadi. Nitaeleza hapo chini, kwa sababu hilo la magadi ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Lakini tuanze na picha. Mimi huchora kwa KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992. Filamu kavu inataka picha ya kinyume: njia za shaba ziwe angavu, nafasi katikati yake ziwe nyeusi. Chapisha kwa printa ya leza kwenye plastiki angavu, ile walimu walikuwa wakiiweka kwenye projekta zamani. Duka la vitabu au saiba yoyote ya Juja itakuchapishia. Simama hapo hapo wakati inachapwa. Mara ya kwanza mimi sikusimama. Kijana wa saiba aliiacha kompyuta ifinye ukurasa ili utoshee karatasi, ikapungua hadi asilimia 97, nami sikujua. Nikamaliza kazi yote, nikatoboa matundu, nikachukua chipu ya miguu 40, ikakataa kuingia. Hesabu yake ni hii: miguu ishirini kila upande ina nafasi 19 za milimita 2.54, jumla 48.26. Kwa asilimia 97 inakuwa 46.81. Mguu wa mwisho ulikuwa umetoka nje ya tundu lake kwa milimita moja na nusu. Siku hizi naenda saiba na chipu mfukoni, naiweka juu ya chapa kabla sijalipa.

Sasa inua plastiki hiyo uitazame ukielekea balbu. Utaona weusi uliodhani ni weusi una nyota ndani yake, vitundu vidogo vidogo ambapo tona haikushika. Kila nyota itakuwa doa la shaba mahali usipopataka. Dawa yake ni kuchapisha nakala mbili na kuzilaza moja juu ya nyingine, ukizilinganisha kwa alama za pembeni, kisha kuzishika kwa selotepu. Nyota za nakala moja mara chache huangukia nyota za nyingine. Zinazobaki zizibe kwa maka peni.

Kuna ujanja mwingine ambao ulinichukua muda kuugundua, nao unatibu mambo mawili kwa pamoja. Printa ya leza inachapa vizuri mistari myembamba na kushindwa kwenye maeneo mapana meusi. Basi usiwe na maeneo mapana meusi. Kwenye mchoro wako, jaza nafasi zote tupu kwa shaba iliyounganishwa na upande hasi wa umeme, ili nyeusi ibaki tu kama mipaka ya milimita nusu kuzunguka njia. Weusi unakuwa mzito, na asidi inakula shaba kidogo mno, kwa hiyo chupa moja inakutumikia muda mrefu. Ila pale penye umeme wa stima wa volti 240, usijaze kitu. Acha milimita nane tupu kati ya upande wa stima na upande wa volti ndogo. Mashine ya vifaranga ina unyevu ndani kama Mombasa wakati wa masika, na umeme ukipata njia fupi utaipita.

Andika neno lolote kwenye safu ya shaba, hata jina la mtaa. Mimi huandika THETA. Ukilaza plastiki juu ya bodi, tona ikigusa filamu, neno lisomeke sawasawa ukilitazama kutoka juu. Likisomeka kinyumenyume, umeigeuza plastiki. Na tona lazima iwe chini, iguse. Ukiiweka juu, unene wa plastiki unatosha kuupa mwanga nafasi ya kupenya kwa mshazari, na mistari yako inavimba.

Kugandisha filamu ni kazi ya mkono uliotulia, haina mengi. Sugua shaba kwa sponji ya kijani ya vyombo na sabuni hadi maji yatandae juu yake bila kujikunja matone. Yakijikunja, bado kuna mafuta ya vidole. Filamu ina ngozi mbili, moja kila upande. Bandika vipande viwili vya selotepu kwenye pembe, kimoja juu na kingine chini, uvute. Ngozi ya ndani itaachia. Laza upande huo juu ya shaba ukianzia ukingo mmoja, ukifukuza hewa kwa kidole, kisha pitisha pasi ya nguo yenye joto la nailoni, karatasi ikiwa katikati. Ngozi ya pili iache mahali pake. Fanya haya usiku, mapazia yakiwa yameshushwa, balbu ikiwa imefunikwa kwa plastiki ya manjano. Mwanga wa dirishani hata wa dakika chache unaianza kazi kabla yako.

Sasa mwanga wenyewe. Filamu hii inahitaji mwanga wa urujuanimno, ule mafundi wanauita yuvii. Vitabu vingi vitakutuma kutafuta taa maalumu. Wewe nenda saluni. Ile taa ya kukaushia jeli ya kucha ndiyo hiyo hiyo, na masaluni ya Gachororo yamejaa taa hizo. Ndogo zake zinakubali umeme wa pawabenki, jambo la maana kwa sisi tunaojua stima inavyopotea jioni. Kasoro yake ni kwamba inamulika kutoka pande zote, si kutoka juu tu, kwa hiyo plastiki isipobanwa sawasawa mwanga unaingia chini ya tona. Laza kioo cha fremu ya picha juu yake na ubane kwa vibanio vya nguo pande zote nne.

Jua je? Linafaa sana. Tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita mchana mwezi Januari lina yuvii ya kutosha kabisa. Lakini nani anaweza kulipima? Wingu moja likipita, hesabu imeharibika. Na anayeishi Kiambu anaijua Julai yetu: asubuhi hadi jioni kijivu, manyunyu yasiyonyesha wala kukauka. Nimewahi kuimulika bodi Julai kwa dakika tano nzima, nikaiosha, filamu yote ikaondoka na maji. Mwanga wa taa haubadiliki na msimu, na hilo ndilo ninalolilipia.

Muda gani basi? Hapa ndipo watu hutaka niwape namba, nami nakataa. Taa yako si yangu, filamu yako si yangu, plastiki yako si yangu. Tengeneza kipande cha majaribio. Chukua mkanda wa bodi wa sentimita mbili kwa kumi, ugandishie filamu, uweke juu yake chapa ya mistari kutoka mnene hadi mwembamba. Funika wote kwa kadi isipokuwa sehemu ya kwanza, mulika sekunde 20, sogeza kadi, mulika 20 tena, na kadhalika hadi sehemu tano. Sehemu ya kwanza sasa imepata sekunde 100 na ya mwisho 20. Ngoja dakika kumi na tano, kisha uioshe. Upande mmoja mistari itakuwa imeng'oka; upande wa pili mapengo yatakuwa yamezibika kwa filamu ya buluu isiyotoka. Mahali ambapo mistari imeshika na mapengo ni safi, hapo ndipo muda wako ulipo. Andika kwenye kipande chenyewe kwa maka peni na ukitundike ukutani. Kazi hii inachukua nusu saa. Walioiruka wamepoteza wikendi nzima.

Haya, magadi. Filamu kavu inaoshwa kwa sodiamu kaboneti, gramu kumi kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, kama nyuzi 30. Sodiamu kaboneti ni soda ileile inayochimbwa Ziwa Magadi kule Kajiado kwa zaidi ya miaka mia moja, na kiwanda chake sasa ni cha Tata. Magadi ghafi ya sokoni, yale ya kulainishia maharagwe, ni ndugu yake, ila yamechanganyika nusu kwa nusu na bikaboneti, yana mchanga pia. Ukiyatumia hivyo yataosha polepole na kwa mabaka. Njia safi zaidi ni kununua soda ya kuokea mikate na kuikaanga. Si hamira ya unga (baking powder), ile ina mengine ndani.

Weka soda kwenye sufuria kavu ya stili, moto mdogo. Mwanzoni haifanyi kitu. Baadaye utaona unga unaanza kutembea, unatetema na kutoa vipovu vidogo kama uji mzito, ingawa hakuna hata tone la maji ndani. Ni mvuke na hewa ya kaboni vinatoka. Koroga taratibu. Utakapotulia kabisa, ukikoroga usitetemeke tena, umekwisha. Gramu 16 za soda hubaki kama gramu kumi. Ipoe, ihifadhi kwenye mkebe wenye kifuniko, na uandike jina juu, kwa sababu haitofautiani na chumvi na haifai kuliwa.

Kabla ya kuitumbukiza bodi, vua ile ngozi ya pili ya filamu. Najua unajua. Hata mimi najua, na bado nimewahi kusimama dakika kumi nikisugua plastiki kwa mswaki nikijiuliza magadi yangu yana nini. Ukiivua, filamu isiyopata mwanga inakuwa kama kamasi ya buluu na kuondoka. Iliyopata mwanga hubaki, rangi yake imekolea. Tumia mswaki laini, dakika mbili hivi, suuza kwa maji baridi.

Jaribu kwanza kabla ya kuendelea: chovya pembe ya bodi kwenye asidi kwa sekunde kumi, itoe, uitazame. Shaba iliyo wazi kweli inafifia na kuwa ya waridi. Panapobaki pakimetameta, kuna utando wa filamu usioonekana. Irudishe kwenye magadi.

Kuhusu asidi nina machache. Inayotumika ni kloridi ya feri, inapatikana maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue. Si asidi ya kunguruma, lakini jicho haliisamehe: vaa miwani na glavu. Unga wake ukiuyeyusha, mimina unga kwenye maji kidogo kidogo, si maji kwenye unga, maana huchemka. Tumia mkebe wa plastiki, ule wa mafuta ya Kimbo unatosha. Ukiimimina kwenye karai au sufuria ya alumini itaila sufuria na kukuachia sakafu ya kusafisha. Weka mkebe ndani ya beseni la maji moto. Ilaze bodi kifudifudi, shaba chini, ili uchafu uanguke. Robo saa hivi inatosha ikiwa na joto. Na ikidondokea shati, shati hilo sasa ni la kazi.

Asidi iliyochoka ni kijani kibichi na imejaa shaba. Usiimwage. Nyumba nyingi za Theta, Juja na Ruiru zina tangi la maji taka na kisima katika ploti moja, na maji ya juu yanaelekea mito yetu, kisha Athi. Shaba huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Magadi yanarudi hapa: kwenye ndoo kubwa ya plastiki, nyunyiza soda kidogo kidogo ndani ya asidi, huku ikifoka povu, hadi povu likome. Tope zito litazama chini, maji yatabaki juu yakiwa karibu kuwa angavu. Tope hilo lichanganye na simenti, likauke liwe tofali, usilitupe mtoni wala shambani. Mabaki ya bodi yapeleke WEEE Centre ya Nairobi, wanapokea taka za umeme.

Filamu iliyobaki juu ya njia iondoe kwa kostiki soda, gramu 30 kwa lita moja. Itajikunja na kung'oka kama ngozi ya nyoka. Toboa matundu ya milimita 0.8 kwa rezista na milimita 1 kwa viunganishi, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, kwa kuwa vumbi la nyuzi za kioo halitoki mapafuni kirahisi. Pima kila njia kwa mita. Lehemu, kisha paka vanishi.

Bodi ya jirani sikuipeleka moja kwa moja kwenye mashine. Niliiwekea balbu mahali pa hita, kipimajoto chake nikakitia kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, nikawa naongeza maji baridi na moto kwa zamu huku nikiangalia relei ikibofya na balbu ikizimika na kuwaka. Saa nzima hivyo. Ilipokuwa haijakosea hata mara moja nilivuka nayo barabara gizani, nikamkuta amekaa kwenye kigoda karibu na mashine, mkono mmoja juu ya blanketi, birika jingine likichemka jikoni.